Risasi Zilizokataa Kulia

Hospitali, wodi ya wanaume
4 Machi

Dada,

Salamu leo sina. Shikamoo nayo nimeizuia mpaka nipate jibu. Na usinipigie simu, sitapokea. Kwenye simu utalia, nami nitalia, halafu tutakata bila kuambiana lolote. Nataka maneno yako yakae kwenye karatasi, ili nikiyasoma mara ya pili niyakute yaleyale.

Mume wangu amelazwa. Mguu wake wa kulia, kuanzia pajani mpaka chini ya goti, hauna tena umbo la mguu. Daktari anasema wanausubiri "ujitangaze". Sijui mguu unajitangazaje.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mgeni mmoja wa kambi yetu ya uwindaji alimpiga nguruwe mwitu vibaya, akamjeruhi tumbo, nguruwe akaingia kichakani. Unaijua kazi ya shemeji yako. Mgeni akijeruhi mnyama, anayeingia kichakani kummaliza ni mwongozaji, mgeni anabaki kwenye gari. Mume wangu Ngazi akaingia. Mtu wa mbwa alikuwa nyuma yake na ndiye aliyenisimulia. Nguruwe alitoka hatua kumi mbele yao, kichwa chini, anakuja. Ngazi hakuyumba. Akalenga, akavuta triga. Tak. Basi, tak tu, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Akakoki haraka, risasi ile ikaruka pembeni, ikaingia nyingine. Akavuta. Tak. Akakoki tena, nayo ikaruka, lakini ya tatu hakuiwahi. Mtu wa mbwa ndiye aliyemuua yule nguruwe, lakini nguruwe alikuwa ameshamaliza alilolikusudia.

Zile risasi mbili niliziokota majanini kwa mkono wangu, nilipokwenda kumchukua. Ni Tatu-Nane, Dada. Tatu-sifuri-nane ileile mnayoitengeneza ninyi, inayouzwa kama sabuni, kila mwindaji anaitaka na kila mlenga shabaha anaitaka. Nikazigeuza nitazame kitako. Ile fataki, kile kidude cha katikati kinachogongwa na pini ili baruti iwake, imepandishwa kichwa chini. Zote mbili. Tumbo limeangalia nje. Pini ingegonga mpaka mwaka kesho.

Nikarudi stoo nikalichukua boksi lake. Ndani ya kifuniko kuna kikaratasi cha mkaguzi. Meza 3. Mkaguzi 17.

Kumi na saba ni wewe. Ulinionyesha mwenyewe siku ya harusi yangu, ukautoa muhuri kwenye mkoba mbele ya wakwe zangu, ukasema, "Hakuna risasi inayotoka pale bila kupita kwenye jicho langu." Watu wakakupigia makofi. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga.

Sasa niambie, siku ile jicho lilikuwa wapi?

Mwenye kambi ameshaandika ripoti kwamba bunduki ilikuwa chafu na Ngazi ni mzembe. Anataka leseni yake ifutwe, na sisi tuondoke kwenye nyumba ya wafanyakazi. Wewe unaweza kuyamaliza haya kwa ukurasa mmoja. Andika kwamba bechi ile ya risasi ni mbovu. Sitaki pole. Nataka ukurasa huo.

Mdogo wako


Nyumbani
11 Machi

Mdogo wangu,

Nimesikitika mno kwa habari za shemeji. Nilipofika mstari wa mguu niliiweka barua chini nikatoka nje. Mungu ampe nafuu. Nalisema hili mwanzo ili usije ukadai sikulisema.

Sasa na wewe nisikilize. Umeniandikia kama askari anayemhoji mwizi wa kuku. Unajua zinapita ngapi mbele yangu kwa zamu moja? Trei moja ina risasi hamsini, zimesimama vichwa chini, vitako juu. Naiinamia, natazama vitako hamsini, naisukuma. Nyingine inafika. Nyuma yangu anasimama Bwana Haraka, msimamizi wetu, saa mkononi, anahesabu sekunde zangu kama ni zake. Miaka kumi na tisa. Mgongo umepinda kama ndoano. Hata siku moja hujaniuliza habari za mgongo.

Halafu nani kasema risasi hizo mbili zilitoka kwetu? Makambi nayajua. Kuna watu wanaokota maganda, wanajaza wenyewe baruti na kupandisha fataki kwa vyombo vyao vya uani, kisha wanazirudisha kwenye boksi la kiwanda. Muhuri wangu uko kwenye boksi, hauko kwenye risasi.

Na bunduki yenyewe ilisafishwa lini? Nauliza tu.

Nakukumbusha jambo moja, kwa kuwa leo tunakumbushana. Baba alipougua, nani alimgeuza kitandani miezi minane? Wewe ulikuwa huko porini kwako, unatuma picha za swala. Nikanyamaza. Ulipojifungua nilikuja, ulipohama nilikuja, ukiwa na shida unanijua. Leo jambo limeharibika, umeikumbuka namba ya muhuri wangu kabla ya kukumbuka kuniita dada yako.

Ukiandika tena, tuma nyumbani. Usitume kiwandani, kule barua zinafunguliwa.

Dada yako


Hospitali
16 Machi

Dada,

Mguu umejitangaza. Juzi wameukata juu ya goti.

Alipozinduka aliuliza ni saa ngapi, kisha akauliza kama mbwa wamelishwa. Hakuuliza mguu. Aliteremsha mkono polepole juu ya shuka mpaka mahali shuka lilipolala bapa, akaurudisha mkono kifuani, akafumba macho. Nilikuwa nimekaa pale nina barua yako mapajani. "Bunduki ilisafishwa lini? Nauliza tu." Nilikuwa nimemshikia beseni, anatapika dawa ya usingizi, na maneno yako yananitazama.

Haya, nakujibu. Mtunza stoo ya silaha kambini ni mimi, mwaka wa sita huu. Kila bunduki inayorudi inapita mikononi mwangu kabla sijala. Ukiuchungulia mtutu wa bunduki ile unaweza kupaka wanja, unang'aa kama kioo. Na hakuna mtu anayejaza maganda kwenye stoo yangu. Funguo ninalala nazo.

Boksi lina risasi ishirini. Nne ziliingia kwenye magazini. Kumi na sita zilizobaki nimezipanga dirishani, vitako juu, kama unavyozipanga wewe. Tatu zimegeuzwa. Penye kitone kinachong'aa pana shimo jeusi. Nilimwita mke wa mpishi, mama ambaye hajawahi kushika risasi toka azaliwe, nikamwambia, "Hebu zitazame hizi, kuna kitu?" Akazinyooshea kidole zote tatu kabla sijavuta pumzi. "Hizi mbona zimetoboka?" akasema.

Mke wa mpishi, Dada. Bila muhuri.

Habari za Baba sitazijibu. Ulikuwa na haki ya kuzisema miaka yote, umezitunza mpaka wiki niliyokatiwa mume mguu ndipo ukazitoa. Umechagua siku.

Nimemwandikia meneja wa kiwanda, nimeweka picha za risasi zote tano na kikaratasi. Wewe bado nakungoja.

Na mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivi? Maneno manne yamejaza mstari mzima. Hata kwa kalamu unanipigia kelele?

Mdogo wako


Nyumbani
23 Machi

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako. Sina nguvu za kugombana. Nimemtumia shemeji fulana mbili za pamba, na mto mdogo nilioushona wa kuweka chini ya paja. Aulalie upande wenye kitambaa laini.

Kwa meneja ungeniuliza kwanza. Hujui unachokigusa. Watu wanaitwa ofisini mmoja mmoja. Nakuomba, liache hili jambo lipoe. Ripoti za makambi huja zikapita. Leseni inaweza kuombwa upya. Mimi kazi hii nikiipoteza leo, kesho sina pa kuingilia, na binti yangu amebakiza mwaka mmoja chuoni.

Niamini kwa hili moja, tafadhali.

Dada yako


Chumba cha kupanga, nyuma ya hospitali
2 Aprili

Kwa Mkaguzi Namba 17,

Nimepokea majibu ya kiwanda chako. Bahasha nzuri, karatasi nzito, chapa ya rangi mbili. Nakunukulia usije ukasema hukuona: "Mkaguzi namba 17, mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa, anathibitisha kwamba bechi iliyotajwa ilikaguliwa kikamilifu na haikuwa na kasoro yoyote. Kiwanda hakihusiki na risasi zilizochezewa baada ya kuuzwa." Chini yake sahihi yako. Tarehe 20 Machi.

Tarehe 20. Siku tatu baadaye ndiyo ukaniandikia "niamini kwa hili moja".

Kumbe ulipokuwa unashona mto ulikuwa umeshatia sahihi! Ulikuwa unadunga sindano, unavuta uzi, unajua. Mto wako nimeutupa kwenye pipa la uchafu la wodi, juu ya bandeji zake. Fulana Ngazi amezing'ang'ania, kasema fulana hazina kosa.

"Risasi zilizochezewa." Na nani? Funguo za stoo ni zangu. Kwa hiyo aliyezichezea ni mimi, ndicho ulichotia sahihi. Mwenye kambi ameipata nakala, akaja nayo mpaka kitandani kwa mgonjwa, akaisoma kwa sauti wodi nzima inasikia. Vitanda kumi na viwili. Akamaliza, akaikunja, akasema, "Ndugu wa damu huyu." Alikuwa anatabasamu. Nyumba ametutoa siku hiyohiyo. Leseni ya Ngazi imesimamishwa.

Nimekaa nawaza ni kitu gani wamekupa. Au wamekutishia nini. Nikaona hata nikijua haitanisaidia. Mimi nisingetia. Wangenikata mkono nisingetia.

Usiniite mdogo wako tena.

(Sahihi ninayo, ila siwezi kuiweka hapa karibu na yako)


Nyumbani
10 Aprili

Mdogo wangu,

Utachukia nikikuita hivyo. Chukia. Jina jingine la kukuita sina.

Sioni.

Ndiyo habari yote, mengine ni maelezo yake. Macho yangu yana ukungu, mwaka wa pili sasa. Mtoto wa jicho, kote kuwili. Lilianza la kushoto, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, nikawa nalifuta na kona ya khanga nikidhani ni vumbi la kiwandani. Halafu na la kulia. Barua zako nazisoma kwa lenzi niliyoinunua kwa fundi saa, neno moja moja. Neno "mguu" lilinijia kwanza herufi mbili, zikaja nyingine. Mwandiko mkubwa ulioulalamikia si kelele. Nikiandika mdogo siuoni.

Utauliza nilipita vipi kwenye kipimo cha macho cha kila mwaka. Ule ubao wa herufi ukutani ni uleule tangu niajiriwe. Nimeukariri. Nilisimama mlangoni, nikamsikiliza aliyetangulia akizisoma, nikaingia nikazitaja kwa sauti kubwa kumshinda. Muuguzi akacheka, "Mama Jicho huyo!" Nami nikacheka.

Kwa nini sikusema? Mwenzangu wa meza ya nne alisema kwamba macho yake hayaoni vizuri. Akaandikiwa barua ya shukrani na kutolewa getini wiki hiyohiyo. Nikaona mimi nitatumia mwanga. Fataki ikikaa sawa inameta chini ya taa, ikigeuka haimeti, trei inakuwa na pengo. Nilikuwa natafuta pengo. Kwa mwaka mzima niliyaona mapengo, nakuapia, nilikuwa nayatoa. Kisha Bwana Haraka akaiondoa meza ya pili, ile ya kurudia ukaguzi. Zamani kila trei ilipita kwa wakaguzi wawili. Akasema soko la Tatu-Nane limepanda, wawindaji na klabu za shabaha wanaagiza kupita tunavyotengeneza, jicho moja linatosha. Akaniangalia mimi. "Hasa jicho hili," akasema. Pale pale nilipotakiwa kufungua mdomo, nilijivunia.

Tarehe 20 waliniita. Karatasi iliandikwa tayari. Sikuweza kuisoma. Nisingeweza kutoa lenzi mbele yao. Bwana Haraka akanionyesha kwa kidole, "Hapa." Nikatia. Nilijua takriban imesema nini. Sitakudanganya kwamba sikujua.

Nimejichukia vya kutosha, na nitaendelea, hilo niachie. Lakini na mimi nina hasira, na nitaitoa hata kama sina haki nayo. Miaka miwili hujanitazama usoni ukaona. Ulikuja mwezi wa sita, nikakumiminia chai nje ya kikombe, mkacheka wewe na shemeji, mkasema dada anazeeka.

Na kuna swali moja limenikaa kooni tangu barua yako ya kwanza. Risasi haitoki kwenye boksi ikaingia kwenye bunduki peke yake. Kuna mtu anaishika, mojamoja, anaibonyeza kwenye magazini kwa dole gumba, na kitako kinamwangalia. Mke wa mpishi aliona tatu kwa mpigo. Wewe umeniandikia "nne ziliingia kwenye magazini". Hujaandika nani aliziingiza.

Macho yangu yana ukungu. Ya kwako yalikuwa wapi?

Dada yako


Chumba cha kupanga
25 Aprili

Shemeji, shikamoo.

Ni mimi Ngazi. Siku hizi ngazi yenye mguu mmoja, haimpandishi mtu popote. Usishangae mwandiko, naandikia ubao wa kukatia mboga.

Barua yako ya tarehe 10 mke wangu aliisoma amesimama mlangoni. Alipofika mwisho akaichana mara mbili, akazitupa karatasi chini, akatoka. Alirudi jioni hajasema neno. Na hajasema mpaka leo, siku ya kumi na moja, isipokuwa "inua mkono" na "meza dawa". Mimi nimeviokota vipande kwa kutambaa, nikavipanga sakafuni, nikasoma. Kwa hiyo hili la macho yako nalijua, na la magazini pia ninalijibu mimi. Naona mnagombania mguu wangu kama vile ulikuwa wa kwenu.

Aliyejaza magazini ni yeye. Nililijua hilo hata kabla ya nguruwe, nilikuwa nimekaa pale. Yule mgeni siku iliyotangulia alipiga risasi kumi kwenye shabaha kubwa kama mlango, akakosa nane. Nikakubali kumpeleka kuwinda hivyohivyo. Asubuhi mke wangu alikuwa ananigombeza. "Huyo mtu atajeruhi mnyama, na wewe ndiye utakayeingia kichakani." Anasema hivyo, ananikazia macho mimi, na dole gumba linabonyeza risasi. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuzitazama. Nami niliipokea magazini, nikaipachika, sikuitazama. Kanuni inasema mwenye bunduki ahakikishe kila risasi kwa jicho lake. Ninaifundisha mimi kanuni hiyo. Nilikuwa nacheka, namwambia, "Mke wangu, ukinigombeza hivi nguruwe atanionea huruma."

Alikuwa na haki kwa kila alichokisema asubuhi ile, na risasi zikampita mkononi akikisema. Ameishi na hilo kuanzia Jumatano ile. Ndiyo maana barua zake kwako zilikuwa za moto vile. Mtu mwingine mwenye hatia angelia. Yeye alihitaji mtu wa kumchoma nayo, akakuchoma wewe.

Lakini, Shemeji, usije ukadhani nakuletea suluhu ya kugawana, huyu kidogo, yule kidogo, tukaenda zetu. Mimi nimekasirika. Nakasirika nikiamka na nikienda chooni. Wewe ulijua huoni ukakaa kwenye kiti cha mtu anayeona. Siyo trei moja. Mwaka mzima. Kuna watu wameingia vichakani na risasi zako na hujui majina yao. Na ukaweka sahihi kwamba mke wangu ndiye aliyezichezea. Kwa mguu nisingekuandikia. Kwa sahihi nakuandikia.

Na yule aliyeondoa meza ya pili analala nyumbani kwake vizuri, kwa sababu kila siku tunayokaa tukirarua barua, yeye hatajwi.

Sitaki machozi yako, na mto sikuupata, ulitupwa. Nataka uende uitangue ile sahihi. Nenda ofisi ya leseni za silaha, waambie ulichomwambia mdogo wako kwenye vile vipande. Usipokwenda, nitakwenda mimi kwa magongo, na nitavibeba vipande. Ningependa uende mwenyewe.

Shemeji yako


Nyumbani
14 Mei

Shemeji,

Marahaba.

Nimekwenda. Nilikwenda tarehe 2, kwa miguu, mkono ukutani. Ofisi ina ngazi tisa na dirisha moja. Afisa ni mtu wa makaratasi, mwanamke wa makamo, sauti kavu. Aliandika nilivyosema, akanisomea, akauliza, "Mama, unajua karatasi hii inakufukuzisha kazi?" Nikamwambia, "Najua. Nionyeshe pa kuweka sahihi, maana sipaoni." Akanishika kidole, akakiweka kwenye mstari.

Walinipeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Hakuna ubao wa kukariri pale. Aliinua mkono, nikasema vidole vitatu, kumbe alikuwa ameshika kalamu.

Kiwandani nilitolewa tarehe 5. Bwana Haraka alinisindikiza mwenyewe mpaka getini, akadai muhuri. Nikampa. Akaniambia mbele ya walinzi kwamba nimewaangusha wenzangu. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme, nikasema. Nilimwambia, "Mimi nilikuwa sioni. Wewe ulikuwa unaona." Sauti yangu ilisikika mpaka kwenye mashine, wanasema.

Sasa sikiliza walichokikuta. Afisa aliagiza bechi yote iliyobaki ghalani ifunguliwe. Risasi zilizogeuzwa fataki zimepita mia tatu. Mashine ya kupandisha fataki ina njia iliyopinda, inajulikana, fundi wake aliiandika kwenye daftari toka mwaka jana. Na kwenye droo ya Bwana Haraka zimekutwa barua za klabu ya shabaha, tano, ya kwanza ya mwezi Novemba. Wameandika kwa adabu kabisa: "Tunapata risasi mbili tatu kila boksi zisizolia, tunaomba mliangalie." Kwao risasi isiyolia ni pointi moja imepotea, wanaitupa kwenye kopo la maziwa, wanachekana, wanalenga nyingine. Katibu wao alilileta kopo. Limejaa. Novemba, Shemeji! Miezi minne wewe unatembea na miguu yako miwili, na barua ziko kwenye droo chini ya kalenda.

Nilipigwa na hasira mpaka nikasahau kujihurumia, na hilo limenisaidia.

Msifikiri nayasema haya ili nitoke. Zile mia tatu zilipita kwangu. Nimeandikisha hivyo, na nimeandikisha pia kwamba karatasi ya tarehe 20 ni ya uongo na mtunza stoo hakuchezea chochote. Nakala imetumwa kwa mwenye kambi.

Mwambie, kama anasikiliza, kwamba swali langu la mwisho nililiuliza vibaya. Nililiuliza ili nimuumize.

Dada yenu


Chumba cha kupanga
29 Mei

Dada,

Nimeanza barua hii mara nne. Ngazi amesema ya tano isipokwenda, ataipeleka yeye hivyohivyo ilivyokatika.

Ni mimi niliyejaza. Alishakwambia, lakini nalisema kwa kalamu yangu. Dole gumba hili. Kitako cha kila risasi kilinitazama na mimi nilikuwa namtazama yeye nimpe neno moja zaidi. Nilizijua zimegeuka pale tu nilipoziokota majanini, na kitu cha kwanza nilichokifanya, mume wangu anavuja damu garini, ni kukimbilia boksi nitafute jina la mtu mwingine. Nikalipata lako. Hata nikafurahi. Najua ni neno baya, ila ndilo.

Swali lako hukuliuliza vibaya. Liliuma kwa sababu lilikuwa sahihi.

Leseni imerudishwa. Afisa amefuta ripoti ya mwenye kambi na kumtaka aandike nyingine, naye ameiandika kwa ufupi kama mtu anayelipia kwa neno. Ameniita nirudi stoo. Nikamjibu kwamba nitarudi siku atakayoisoma barua mpya kwa sauti kwenye wodi ileile, vitanda kumi na viwili vikisikia. Alikuja Jumanne. Alisoma. Wagonjwa wengi si walewale, lakini alisoma, na jasho lilimtoka. Baadaye nikamwambia sirudi. Ngazi alicheka mpaka wauguzi wakamwambia atawaamsha wagonjwa.

Klabu ya shabaha imemwomba Ngazi awafundishe walengaji wapya. Amekubali. Somo la kwanza aliwakalisha saa nzima watazame vitako vya risasi, hakuna kulenga. Wamelalamika. Amewaonyesha suruali iliyokunjwa, wakaacha.

Bwana Haraka nimesikia amesimamishwa kazi, kesi imefunguliwa, na anajitetea kwamba barua za klabu hazikumfikia. Nitakwenda kila siku ya kesi hiyo, nikae mbele, anione.

Sasa wewe. Sijakusamehe sahihi. Macho naweza, sahihi bado. Nikiosha vyombo naikumbuka, nagonga sahani. Labda itapita, labda haitapita, sikuahidi. Na mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa hiyo usione nakuonea.

Ila nimeuliza hospitalini hapa. Kuna daktari anayepasua mtoto wa jicho, jicho moja kwanza, la pili baada ya mwezi. Nimekuandikisha, tarehe 12 Juni, saa mbili asubuhi, wewe ni wa tatu. Nimesema ni ndugu yangu, wakaniuliza wa aina gani, nikasema dada yangu mkubwa. Ngazi atakupisha kitanda cha dirishani, yeye atalala chini, anadai mguu mmoja haujazi nafasi.

Kwa hiyo unakuja. Usiniandikie kwamba mgongo unauma au basi ni mbali. Nitakupokea stendi tarehe 11, nitakushika mkono kuvuka barabara kwa sababu magari ya hapa hayana adabu, na njia nzima, Dada, kutoka stendi mpaka mlangoni, nitakuwa nakugombeza.

Mdogo wako